Jina la Wapagazi

Mwaka 1988 nilikwenda Dar es Salaam kufuata vitabu vya chuo chetu. Kazi ilipokwisha mapema, nikatembea kwa miguu kutoka Sanamu ya Askari hadi Kariakoo.

Sanamu ile ilisimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini anayeonekana juu ni mwenye bunduki. Wapagazi waliachiwa jina: Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916.

Hayo nilikuwa nimeyafundisha miaka kumi na zaidi. Siku ile, nilipompisha kijana aliyebeba gunia sokoni, ndipo nilipomkumbuka babu yangu, aliyechukuliwa upagazi katika vita hivyo asirudi. Nikaona haya. Wanafunzi wangu niliwapa tarehe. Babu sikuwahi kumtaja.