Mtoto wa Kumi wa Ekwefi

Sura ya tisa ya Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958 ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Shujaa Okonkwo, inaanza na mbu. Okonkwo amelala, mbu anamlilia sikioni, naye anakumbuka hadithi ya mama yake kuhusu Mbu aliyemposa Sikio akakataliwa kwa dharau. Mara Ekwefi anagonga mlango: binti yao Ezinma yu taabani kwa homa, ile ambayo Waigbo huiita iba. Okonkwo anashika panga na kwenda kutafuta majani na magome ya kumfukizia. Mtoto akiwa bado anatetemeka, Achebe anaturudisha nyuma na kutueleza kwamba Ekwefi amezaa mara kumi, na kwamba watoto tisa wamekufa, wengi wao kabla ya kutimiza miaka mitatu.

Mbu, homa, na tumbo linalopoteza watoto mfululizo. Miaka minne kabla ya riwaya hiyo, mwaka 1954, daktari kijana aitwaye Anthony Allison alichapisha makala katika British Medical Journal akionyesha kwamba mambo hayo matatu yana undugu wa kweli, na undugu huo uko kwenye damu. Sidai kwamba Achebe aliisoma. Nadai kwamba yeyote aliyeyatazama kwa makini maisha ya nchi za malaria angeyakuta mambo hayo yamekaa nyumba moja, na kwamba tofauti kubwa kati ya mapokeo ya Waigbo, ya Waghana na ya maabara za Marekani iko katika swali la nani wa kulaumiwa.

Kwa Waigbo mtoto kama hao wa Ekwefi ni ogbanje, kwa Wayoruba ni abiku: mtoto yuleyule anayezaliwa, akafa, akarudi tumboni mwa mama yuleyule. Imani hii ina jicho kali kuliko wanavyodhani wanaoicheka. Imeona kwamba vifo vya watoto havitawanyiki ovyo kijijini. Hurudia ukoo mmoja, tena hufanana. Hiyo ni nusu ya elimu ya urithi. Lakini imani hiyo ikampa mtoto nia mbaya. Katika riwaya, maiti ya Onwumbiko, mtoto wa tatu wa Ekwefi, inakatwakatwa na mganga ili asithubutu kurudi. Hata washairi hawakutoka nje ya mpaka huo. J. P. Clark, katika shairi lake Abiku, anamsihi mtoto akae. Wole Soyinka, katika shairi lenye jina hilohilo, anampa mtoto sauti na kumwacha akatae kwa kiburi. Kwa wote wawili, kuishi au kufa ni uamuzi wa mtoto. Napenda mashairi yote mawili, na naamini yote mawili yanamwonea mtoto.

Wapo waandishi wa tiba waliosema kwamba ogbanje ni selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, basi. Hapo panahitaji hesabu. Mtoto hupokea nakala moja ya jeni ya himoglobini kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja ya selimundu, yaani mbebaji, huishi kwa kawaida akiwa mzima. Mwenye mbili huugua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kwa kiwango hicho, wazazi wa aina hiyo kupata watoto wagonjwa tisa au zaidi katika kumi ni jambo la kutokea takriban mara 3 katika familia 100,000. Kwa hiyo selimundu peke yake haiwezi kueleza msiba wa Ekwefi, wala riwaya haisemi popote kwamba Ezinma alikuwa nayo. Malaria yenyewe, surua na pepopunda ya watoto wachanga viliua wengi, hata wasio na selimundu. Ogbanje ni jina pana lililokusanya misiba mingi. Selimundu ni mmojawapo.

Ghana walikwenda njia nyingine, na hiyo ndiyo inayonivutia zaidi. Daktari Felix Konotey-Ahulu ameonyesha kwamba Waga, Waewe, Wafante na Watwi walikuwa na majina yao ya ugonjwa huu wenye maumivu ya mifupa, na kwamba walijua unakwenda na ukoo. Katika familia yake mwenyewe aliufuatilia kizazi baada ya kizazi hadi mwaka 1670, akiwa na majina ya waliougua. Mendel, baba wa elimu ya urithi, alichapisha kazi yake ya njegere mwaka 1866, nayo haikutiliwa maanani hadi 1900. Hao wazee wa Ghana hawakuwa na njegere wala hesabu za uwiano, ila walitunza kumbukumbu ya nani alizaliwa na nani na nani aliumwa nini, na bila kumbukumbu hiyo hakuna sayansi ya urithi popote. Tena ugonjwa ulipewa jina lake, kwa hiyo mtoto akabaki mtoto.

Nchini Marekani ugonjwa huu uliingia vitabuni mwaka 1910, James Herrick wa Chicago alipoeleza chembe za damu zenye umbo la mundu alizoziona kwa mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walithibitisha kwamba kasoro iko ndani ya himoglobini, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaionyesha kasoro yenyewe: amino asidi moja tu, glutamiki, imebadilishwa na valini. Ni kazi tukufu. Hata hivyo, tiba ya Marekani kwa miaka mingi iliufanya ugonjwa huu kuwa alama ya damu ya watu weusi, kama vile rangi ya ngozi ndiyo chanzo. Kisha chembe zilezile zikapatikana kwa watu wa milima ya Nilgiri nchini India, na kwa Wagiriki wa eneo la Orchomenos. Kilichoziunganisha sehemu hizo na Afrika ni malaria.

Jibu la swali gumu zaidi lilipatikana kwetu. Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949, akizunguka nchi kupima damu, aliona kwamba karibu na Pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi asilimia 20, ilhali kwenye nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata asilimia moja. Jeni inayoua watoto kabla hawajazaa ingepaswa kufifia na kutoweka. Imewezaje kudumu kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano? Kwa sababu mbebaji mwenye nakala moja huihimili malaria kuliko jirani yake asiye nayo. Kila kizazi malaria hupunguza wasio na jeni hiyo, selimundu hupunguza wenye nakala mbili, na wa katikati ndio wanaozaa zaidi. Huo ni uteuzi asilia kwa binadamu, uliopimwa vijijini mwetu.

Ulipimwa kwa gharama. Allison aliwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea. Kati ya 15 wasio na jeni, vimelea vilishika kwa 14, na kati ya 15 wabebaji vilishika kwa wawili tu. Darasani huwa tunafundishwa jina la Allison, lakini deni letu kwa wanaume wale ni kubwa vilevile.

Jeni hii husafiri na watu na kutunza habari zao. Nchini Oman, damu ya wagonjwa ina matoleo matatu ya vinasaba vya jirani na selimundu: la Uarabuni na India, la Benin, na la Kibantu. Hili la mwisho linashuhudia karne za majahazi, ndoa na utumwa kati ya pwani yetu na Ghuba.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Tangu 2004, timu ya Profesa Julie Makani pale Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa mwaka hadi mwaka, na dawa ya haidroksiyurea inapunguza maumivu na kurefusha maisha. Lakini bado ziko nyumba ambamo mama peke yake huulizwa ameleta damu gani, wakati mtoto hawezi kuugua bila nakala ya baba. Ningetaka kliniki zetu ziongeze kipimo cha Konotey-Ahulu juu ya kipimo cha maabara: mtoto akipatikana na selimundu, bibi wa pande zote mbili waketi na muuguzi na kutaja waliozaliwa, waliougua mifupa na waliokufa wadogo. Kwa Waluo orodha hiyo mara nyingi itakuwa na Owiti au Awiti, majina wanayopewa watoto waliozaliwa baada ya ndugu zao kufa. Akina shangazi na wajomba wa mtoto huyo wangeitwa kupimwa mwezi uleule.