Mkono wa Nani? Utunzaji wa Mabadiliko katika Matini za Kiswahili cha Katanga

Kiswahili cha migodi ya Katanga kiliandikwa mapema, ila kwa sehemu kubwa kiliandikwa na watu waliokuwa na haja ya kukirekebisha. Misamiati na vijitabu vya sarufi vya enzi ya Wabelgiji vilitungwa ili bwana aelewane na mfanyakazi, wala si ili mfanyakazi asikike. Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja tu lililotokana na historia hiyo: matini ya Kiswahili hicho inapopita mikononi mwa watu kadhaa, tutajuaje kila mkono ulifanya nini? Suala hilo lilikuwapo kabla ya kompyuta, na leo limepata zana ambayo wataalamu wa lugha wamechelewa kuitumia.

Tuanze Kolwezi. Mwaka 1953 padri Mfransisko Placide Tempels, ambaye tayari alikuwa anajulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, alipelekwa Ruwe, kambi ya wachimba migodi iliyo karibu na mji huo. Hapo ndipo ilipochipuka Jamaa, harakati ya wanandoa Wakatoliki, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, walioitana baba na mama. Mafundisho yao yalitolewa kwa Kiswahili na kupitishwa kwa mdomo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipofanya utafiti wake huko Katanga mnamo 1966 na 1967, aliyanasa kwenye kanda na kuyanukuu. Mafundisho ya mdomo hayana nakala ya asili. Kila baba aliyefundisha alitoa toleo lake. Kanda ilishika toleo moja la siku moja, na mnukuzi akaongeza jingine kwa namna alivyokata sentensi, alivyochagua tahajia na alivyosikia.

Mfano ulio wazi zaidi hautoki Kolwezi bali katika mji mkuu wa ukanda huohuo wa shaba. Mwaka 1965 ilitolewa Elisabethville historia ya mji huo kwa Kiswahili, yenye jina la Kifaransa linalouita msamiati wa mji. Aliyeitayarisha ni André Yav, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Ilipigwa taipu na kurudufiwa. Tahajia yake inafuata Kifaransa mahali fulani na kukiacha mahali pengine. Maneno yameunganishwa au kukatwa pasipo kanuni moja. Na msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu hukwama tangu ukurasa wa kwanza. Fabian alipotaka kuichapisha alimwomba Kalundi Mango, mzaliwa wa lugha hiyo, aisome kwa sauti. Aliposikika akisoma, maneno yakaonekana. Usomaji huo ukanukuliwa upya, na mwaka 1990 kitabu kikachapishwa Amsterdam kikiwa na matini ya Yav, matini iliyozaliwa na sauti ya Mango, tafsiri ya Kiingereza, na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Baadaye, mwaka 2001, toleo la kielektroniki likawekwa katika hazina ya Kiswahili cha watu inayotunzwa na wataalamu wa Amsterdam.

Thamani ya kazi ile, kwa maoni yangu, imo katika uamuzi wa kutoificha matini ya kwanza chini ya ya pili. Ingekuwa rahisi kuchapisha usomaji wa Mango peke yake na kuuita Yav. Ingekuwa rahisi zaidi, na jambo hili hutendeka hata sasa katika tasnifu za wanafunzi wetu, kuisanifisha matini yote: “banasema” ikawa “wanasema”, “mu kazi” ikawa “kazini”, “njo” ikawa “ndiyo”. Mwanafunzi hudhani amesahihisha makosa, kumbe amefuta ushahidi. Majina nayo yana hatari hiyohiyo. Elisabethville iliitwa Lubumbashi kuanzia 1966. Katanga ikawa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa 1967, na warithi wake wakaja kujulikana kwa jina la Gécamines. Kolwezi yenyewe imekuwa makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015. Mzee anayesema “Union Minière” anazungumzia bwana fulani wa wakati fulani. Mhariri akiligeuza jina hilo ili lilingane na ramani yake, amehamisha ushuhuda kutoka zama moja hadi nyingine.

Wahandisi wa programu walikutana na tatizo lao la aina hii zamani. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alitunga mfumo wa kutunza kila badiliko la faili. Walter Tichy akafuata na wake mnamo 1982. Na Aprili 2005 Linus Torvalds alianza Git, ambayo sasa imeenea kuliko nyingine zote. Hutumiwa kwa kuandika amri. Mtafiti huanzisha hazina ndani ya folda yake kwa “git init”, huchagua faili zilizobadilika kwa “git add”, kisha kwa “git commit” huweka kumbukumbu ya hali yake pamoja na ujumbe wa kueleza kilichofanyika na sababu yake. “Git log” huonyesha mfululizo wa kumbukumbu hizo, na “git diff” huonyesha tofauti kati ya hali mbili. Kila kumbukumbu hupewa alama iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake na alama ya iliyoitangulia; hivyo ukibadilisha ya zamani, alama zote zinazofuata hubadilika. Tena kila nakala kamili ya hazina hubeba historia nzima, na kazi hufanyika bila mtandao. Nakala ya Kolwezi, ya Lubumbashi na ya Amsterdam zina hadhi sawa.

Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba Git hutenganisha mwandishi wa badiliko na mtu aliyeliingiza katika hazina. Mwenyeji akisikiliza kanda na kusahihisha nukuu, naye mtafiti akachapa masahihisho hayo, majina yote mawili hukaa mahali pake. Katika tanbihi za vitabu vyetu jina la kwanza kwa kawaida huishia katika shukrani.

Hata hivyo zana hii ilitungwa kwa ajili ya programu, na hulinganisha mstari kwa mstari. Ukiandika fundisho zima kama aya moja ndefu, badiliko la “ba-” moja litaonekana kama aya nzima imebadilika. Yafaa kila usemi uwe na mstari wake, na ikibidi mtu aombe ulinganisho wa neno kwa neno. Kwa matini kama ya Yav, ambamo mipaka ya maneno ndiyo yenye ubishi, hata ulinganisho huo hauaminiki sana, kwa kuwa hutegemea nafasi zilizoachwa na mpiga taipu. Nukuu ziwe maandishi matupu. Faili za kichakata maneno huhifadhika lakini tofauti zake hazisomeki, na sauti pia ni hivyohivyo.

Wala tusiipe Git uaminifu isio nao. Jina la mwandishi ni lile alilojiandikia mwenyewe, tarehe yaweza kupangwa, na zipo amri za kuandika historia upya. Alama hubadilika, kweli, lakini atakayeligundua hilo ni yule tu mwenye nakala nyingine. Aidha, nafasi ni mbili, ilhali mikono ya kanda ya Kolwezi ni mitatu au zaidi: aliyesema, aliyenukuu, aliyesikiliza tena. Msemaji hana nafasi yake. Kwa sasa jina lake, iwapo ameridhia litajwe, pamoja na dakika ya kanda, hapana budi viandikwe ndani ya ujumbe wa kila kumbukumbu, na viandikwe siku ileile ya kusikiliza.