Mbio za Hisani na Mioyo ya Watoto Afrika Mashariki

Mater Heart Run, zilizoanza Nairobi mwaka 1993, ni miongoni mwa mbio kongwe za hisani Afrika Mashariki zinazochangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo. Waandalizi wake ni Hospitali ya Mater iliyopo South B, ambayo masista Wakatoliki kutoka Ireland waliifungua mwaka 1962.

Kabla ya mbio hizo, mzazi wa mtoto mwenye tundu kwenye moyo alitegemea zaidi harambee. Kadi za mchango zilizungushwa ofisini, kanisani na kijijini, mara nyingi ili ipatikane nauli na gharama za hospitali ng'ambo. Desturi hiyo, ambayo Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa wakati wa uhuru mwaka 1963, ilijenga shule na zahanati nyingi, na inastahili heshima. Lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja ilimpendelea mwenye watu. Mtoto wa kibarua asiye na jamaa wenye kipato aliweza kufariki kadi zake zikiwa bado mikononi mwa watu. Mbio ziligeuza utaratibu: fedha hukusanywa kwanza, kisha hutazamwa ni mtoto gani anayezihitaji zaidi, kwa hali ya moyo wake na kwa uwezo wa nyumbani kwao. Mageuzi hayo yana uzito kuliko wingi wa wakimbiaji.

Fulana ndiyo tiketi. Anayeinunua huwa amechangia hata kama asubuhi ya mbio atatembea tu, na kwa miaka mingi waliojaa Uwanja wa Nyayo walikuwa familia nzima, wanafunzi na wafanyakazi walionunuliwa fulana na makampuni yao. Wadhamini hubeba sehemu ya gharama za maandalizi. Wasipopatikana, mapato ya fulana humezwa na tukio lenyewe. Baadaye mbio zilifanyika pia katika miji mingine ya Kenya.

Wagonjwa wanaosaidiwa ni wa aina mbili kuu. Wapo waliozaliwa na kasoro, kama tundu kati ya vyumba vya moyo au mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa ukabaki wazi. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, ndogo au kubwa. Wengine waliugua koo kwa bakteria wakakosa tiba, ikafuata homa ya baridi yabisi iliyoharibu vali. Kundi hili la pili linauma zaidi, kwani penisilini ya bei nafuu ingeweza kuwakinga.

Tanzania ilifikia mbio za aina hii kwa njia yake. Wagonjwa wengi walipelekwa India hadi Hospitali ya Muhimbili ilipoanza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Huduma ikawa karibu, bila kuwa rahisi kwa kila mzazi. Agosti 2020 benki ya CRDB iliandaa mbio zake za kwanza Dar es Salaam, na shilingi milioni 200 zikatolewa kwa taasisi hiyo kugharimia upasuaji wa watoto. Miaka iliyofuata mapato yaligawanywa pia kwa wagonjwa wa saratani na wanawake wenye fistula.

Mwaka huohuo wa 2020, nchini Kenya, mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku tangu Machi kwa sababu ya UVIKO-19. Udhaifu wa mfuko unaotegemea siku moja ya mwaka ukaonekana wazi, kwa kuwa foleni ya watoto haikusimama.

Upasuaji nao si mwisho wa gharama. Mtoto aliyewekewa vali ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na lazima apimwe damu mara kwa mara. Nauli ya kwenda kliniki, miaka nenda miaka rudi, familia nyingi huibeba zenyewe.