Tarehe ya Sandal Bar na Watu Wake

Baina ya mto Ravi na mto Chenab, katika nchi ya Punjab, iko nyika tambarare iitwayo Sandal Bar, ambayo kabla ya mwaka 1892 ilikuwa aghlabu vichaka na malisho yangojayo mvua. Wenyeji wake, Wakharal, Wabhatti na wenginewe, walikuwa ahli wa ngamia na nyati wa kufugwa, wakihama na mifugo yao kufuata majani. Kwao ndiko alikotoka Dulla Bhatti, aliyeiasi dola ya Mfalme Akbar akauawa Lahore. Na hata leo, usiku wa sikukuu ya Lohri katika mwezi wa Januari, watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakiliimba jina lake, nao hutuzwa ufuta na sukari guru. Kwao kadhalika alitoka Rai Ahmad Khan Kharal, mzee wa Jhamra, aliyewainukia Waingereza mwaka 1857 akafa vitani.

Mwaka 1892 mfereji uliotolewa Chenab, penye kizuizi cha maji cha Khanki, ulifunguliwa, na maji yakaigeuza nchi. Wapimaji waliikata ardhi mapande ya mraba, vijiji wakavipa nambari badala ya majina, kisha wakaletwa wakulima hodari kutoka Amritsar, Jullundur na Hoshiarpur, Masingasinga na Waislamu. Wafugaji, walioitwa Jangli, yaani watu wa mwituni, wakajikuta wageni katika malisho ya babu zao. Na mimi naona ni dhuluma kuianza tarehe ya nchi hii kwa mfereji, kana kwamba kabla yake hapakuwa na watu.

Mji ukajengwa, masoko manane yakiuzunguka mnara wa saa, ukaitwa Lyallpur kwa jina la liwali Mwingereza, James Lyall. Mwaka 1907 serikali ilipotaka kuwabana wakulima kwa sheria mpya katika urithi wa mashamba, walikusanyika wakapinga kwa nguvu. Ajit Singh, kiongozi wao, akahamishwa hadi Mandalay, lakini sheria ile Lord Minto, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini India, alikataa kuiidhinisha.

Mwaka 1947 Punjab ikagawanywa baina ya India na Pakistan, na Sandal Bar ikaangukia Pakistan: Masingasinga na Wahindu wakaenda India, Waislamu wa mashariki wakaja kukaa mahali pao, pande zote wakilia kwa Kipunjabi kimoja. Tangu mwaka 1977 mji huitwa Faisalabad, kwa jina la Mfalme Faisal wa Saudia. Vijiji vingi vingali vyatajwa kwa nambari.