Ganzi ya Meno: Kutoka Gesi ya Kuchekesha hadi Lignokaini

Waliofanya usingizi wa dawa ujulikane katika tiba za Magharibi hawakuwa wapasuaji wakubwa, bali madaktari wa meno wa Marekani. Walikuwa na sababu ya kibiashara pia: mwenye jino bovu akiogopa koleo huahirisha tu, na kila anayeahirisha ni malipo yaliyopotea.

Tarehe 10 Desemba 1844, mjini Hartford, daktari wa meno Horace Wells alihudhuria onyesho ambalo Gardner Colton aliwavutisha watu oksidi ya nitrasi, gesi ya kuchekesha, kwa burudani. Mmoja wao aliumia mguu asijue mpaka gesi ilipomtoka. Kesho yake Wells aliivuta mwenyewe, na mwenzake John Riggs akamng'oa gego bila maumivu. Januari 1845 alikwenda kuionyesha Boston. Mgonjwa akapiga kelele, watazamaji wakamzomea. Wells alieleza kwamba mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno. Sifa zikamwendea William Morton, aliyewahi kuwa mshirika wake, ambaye Septemba 1846 alimng'oa mtu jino kwa etha, na mwezi uliofuata akamlaza usingizi mgonjwa wa upasuaji mbele ya madaktari wa mji huohuo. Wells alijiua jela mwaka 1848.

Lakini kumlaza mtu usingizi kwa ajili ya jino moja ni hatari isiyolingana na kazi yenyewe. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alipoonyesha kuwa kokeini hutia ganzi jicho bila kumlaza mgonjwa usingizi, haukupita muda William Halsted wa New York akaidunga karibu na neva ya taya la chini. Halsted alijijaribia dawa hiyo mwilini mwake, akaishia mraibu. Miaka 20 hivi baadaye mkemia Mjerumani Alfred Einhorn alitengeneza prokaini, isiyo na uraibu. Aliikusudia kwa wapasuaji. Walioing'ang'ania ni madaktari wa meno, naye hakufurahi. Daktari Heinrich Braun aliichanganya na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu, na hivyo ganzi ikadumu zaidi. Prokaini nayo ilipitwa na lidokaini, iliyotengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943: hushika haraka na mara chache huleta mzio.

Dawa hiyo, inayoitwa zaidi lignokaini Afrika Mashariki, ndiyo sindano ya kawaida ya kung'oa au kuziba jino. Gesi ya kuchekesha hutumika kuwatuliza watoto na waoga, huku nusukaputi ikiachiwa upasuaji mkubwa wa taya na wagonjwa wasioweza kutulia kitini.