Mwezi wa Sidney: Je, Vina ni Pingu?

Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, mvutano ulipamba moto kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko: vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi au ni pingu? Katika makala haya nakusudia kulijibu swali hilo kwa ushahidi wa mbali kidogo, yaani soneti ya 31 katika Astrophil and Stella ya Mwingereza Philip Sidney. Diwani hiyo ilichapishwa mwaka 1591, miaka 5 baada ya mtunzi kufariki.

Maudhui yake ni mepesi. Mpenzi aliyekataliwa anautazama mwezi ukipanda polepole, umepauka, naye anaamini unaugua mapenzi kama yeye.

Sasa tuje kwenye fani. Soneti ina mishororo 14, kila mmoja kwa kawaida silabi 10. Lakini tusidhani hiyo ni mizani yetu! Sisi twahesabu silabi tu, maana mkazo wa Kiswahili karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwingereza husikiliza mkazo wenyewe: silabi nyepesi, kisha nzito, mara 5. Mshororo wa kwanza una maneno 10, yote ya silabi moja, na mapema tu mikazo inasongamana. Ulimi unajikokota, na mwezi nao hivyo hivyo.

Tazama vina. Mishororo 8 ya kwanza inafuata mtindo wa Petrarch wa Italia, abba abba. Sita ya mwisho ni cdcd ee. Ile jozi ya kufungia, desturi ya Waingereza tangu Thomas Wyatt, humfanya msomaji atarajie hitimisho. Kumbe wapi! Sehemu hii ina maswali 4. Swali la tatu linaanzia mshororo wa 12 na kuvuka mpaka wa 13, likiruka ukuta wa vina. La nne linabaki peke yake mshororo wa 14. Vina vimefunga, swali limeacha wazi. Mwezi haukujibu.

Hoja yangu basi ni hii: bila kanuni, mruko ule usingesikika. Mwanamabadiliko akumbuke hilo. Na mwanamapokeo anayehesabu mizani, akaandika jumla na kuweka kalamu chini, bado hajachambua kitu.