Mwili, Nafsi na Roho: Fundisho la Daktari wa Vienna



Mtu mzima anapoelemewa na huzuni, mara nyingi watu humgawa vipande. Mmoja atasema anahitaji dawa tu; mwingine atasema ana mawazo mengi, aende kwa mnasihi; wa tatu atamwambia asali, yatapita. Juma hili tuitazame historia ya daktari aliyekataa kumgawa binadamu namna hiyo: Viktor Frankl, Myahudi wa Vienna nchini Austria, aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1997.

Katika mji huohuo, Sigmund Freud alikuwa amekitafuta chanzo cha matatizo ya nafsi katika tamaa zilizofichika, naye Alfred Adler akakitafuta katika hali ya mtu kujiona duni. Frankl alijifunza kwa wote wawili, lakini akaona kuna kilichosahauliwa. Alifundisha kwamba mtu ni mwili, nafsi na roho kwa pamoja, na kwamba kiu yake kubwa ni kupata maana ya maisha. Njia yake ya kunasihi aliiita logoterapia. Kati ya mwaka 1933 na 1937 alihudumu katika hospitali ya Steinhof, akiwatibu wanawake waliotaka kujiua.

Fundisho hilo lilipitishwa motoni. Baada ya Wanazi kuitwaa Austria mwaka 1938, Frankl alifanikiwa kupata viza ya kwenda Marekani, lakini wazazi wake wazee wangebaki bila kinga. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba, akiwa bado anasitasita, alikikuta nyumbani kipande cha marumaru ambacho baba yake alikiokota katika kifusi cha sinagogi. Kilikuwa kimechorwa herufi ya amri ya kuwaheshimu baba na mama. Akaiacha viza. Septemba 1942 alipelekwa kambi ya Theresienstadt pamoja na wazazi wake na mkewe, Tilly. Baba alifia humo. Mama aliuawa Auschwitz. Tilly alifia Bergen-Belsen. Frankl naye alipitishwa Auschwitz na kambi nyingine, hadi alipokombolewa Aprili 1945.

Aliporudi Vienna, aliongoza idara ya magonjwa ya mishipa ya fahamu katika hospitali ya Poliklinik kuanzia mwaka 1946. Aliwahi kujiwa na daktari mzee, mgane, ambaye miaka miwili baada ya kifo cha mkewe alikuwa hajapata faraja. Frankl hakumhubiria. Alimwuliza ingekuwaje kama yeye ndiye angetangulia kufa. Mzee akajibu kwamba mkewe angeteseka mno. Basi, Frankl akamwonyesha, mkewe ameepushwa na mateso hayo, na gharama yake ni yeye kubaki akiomboleza. Mzee akampa mkono, akaondoka kimya. Huzuni yake haikuondolewa, bali ilipata maana.

Hata hivyo, tusimwelewe vibaya daktari huyu. Alikiri kwamba ugonjwa unaotoka mwilini unahitaji dawa. Aidha, alitofautisha kazi ya daktari, ambayo ni kuponya nafsi, na kazi ya dini, ambayo ni wokovu; wala hakuruhusu mganga kumlazimisha mgonjwa imani yake. Zaidi ya hayo, alisisitiza kwamba mateso yanayoweza kuondolewa sharti yaondolewe. Kuteseka pasipo lazima, kwake, hakukuwa ushujaa.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Mama anayepigwa na mumewe akiambiwa kwamba huo ni msalaba wake na auvumilie, anabebeshwa mzigo ambao angeweza kutuliwa. Baba asiyelala usiku kwa miezi akiambiwa kwamba imani yake ni haba, ananyimwa tiba ya mwili wake. Na mfiwa anayepewa vidonge tu, pasipo mtu wa kuketi naye, ananyimwa tiba ya roho yake.

Basi, ndugu zetu, atakapotujia mtu amelemewa, tumsikilize kwanza kabla ya kumpa jibu. Tumwulize habari za usingizi wake na chakula chake, za nyumba yake, na za kile anachokiishia. Anayehitaji hospitali, tumsindikize hospitalini. Anayehitaji sala, tusali naye. Huyo ni mtu mmoja, naye apokewe mzima.

Tunawatakia juma lenye baraka.